Kilo za Waziri

Jumapili, 2 Machi 2025

Daftari hili lilikuwa la binti yetu Lavender. Kurasa tatu za mwanzo zina maandalio yake ya somo la Kiswahili kwa watoto wa chekechea kule Nyanchwa, wanyama na sauti zao, kwa kalamu nyekundu. Sikuzichana. Naanzia ukurasa wa nne, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinicheka nikikosea. Sasa naweza kukosea nitakavyo.

Mbwa wake anakonda na nataka kumbukumbu ya kilo zake. Nilikuwa karani wa kituo cha chai miaka ishirini na sita, sijui namna nyingine ya kukiangalia kitu isipokuwa kukipima. Leo nimetundika mizani yangu ya zamani kwenye boriti ya zizi, nikamtia Waziri ndani ya gunia la chai, nikamwinua. Alitulia tuli kama mgonjwa aliyezoea hospitali. Kilo kumi na saba na nusu, uzito wa gunia umeshatolewa. Agosti, tulipomzika Lavender baada ya ile ajali ya bodaboda, mbwa huyu alikuwa na kilo ishirini na nne.

Anaharisha tangu Desemba. Manyoya yamemtoka mgongoni na masikioni, anajikuna mpaka damu. Watu hupenda kusimulia habari za mbwa wanaolala juu ya kaburi la bwana wao. Waziri hajawahi. Kaburi liko pale kwenye migomba, hatua arobaini kutoka mlangoni, naye analala jikoni karibu na majivu. Mke wangu humpita kama mtu anavyopita kiti.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Ameharisha mara sita.

Alhamisi, 6 Machi

Oketch, daktari wa mifugo, amepanda kutoka Ogembo na pikipiki yake, matope mpaka magotini. Ni mtu wa upande wa ziwa, mpole, haongei mpaka awe amemaliza kushika mnyama. Tangu Januari ametupa dawa za aina tatu. Leo aliketi kwenye kigoda akasema dawa zake zimefika mwisho. Anadhani tumbo la mbwa huyu linakataa chakula chetu chenyewe, ugali na makombo ya maharagwe. Kuna jambo moja la kujaribu: tusimpe ugali hata kidogo, tumpe nyama mbichi, matumbo, maini kiasi, na shingo za kuku pamoja na mifupa yake. Hakuahidi kitu. Alisema madaktari wengi wanaikataa njia hii, maana nyama mbichi huja na minyoo na magonjwa. Kwa hiyo inunuliwe kwenye bucha iliyokaguliwa, igandishwe siku saba, mbwa apewe dawa ya minyoo, nasi tunawe mikono kwa sabuni.

Nikauliza habari ya mifupa, kwa kuwa ndiyo iliyonitia wasiwasi.

“Mbichi tu, mzee Machogu. Mfupa mbichi unatafunika. Ukishapikwa unapasuka vipande vyenye ncha, na tumbo la huyu sasa ni jembamba kama karatasi.”

Nimeyaandika nisisahau. Oketch alipoanza kueleza, mke wangu aliinuka na sinia lake la mboga akaingia ndani. Sikumfuata kumweleza. Akitaka kujua ataniuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Vitu vya Lavender tulivihamisha kutoka chumba chake cha Nyanchwa wiki moja baada ya mazishi. Friji yake ndogo imekaa sebuleni tangu hapo, imefunikwa kitambaa alichokishona mama yake, haijawahi kuwashwa. Nilihitaji mahali pa kugandisha nyama. Nikaondoa kitambaa, nikafungua. Ndani mlikuwa na chupa ya maji, imenywewa nusu. Nikaimwaga nje, nikapangusa, nikachomeka waya.

Mke wangu alirudi kutoka shambani akasikia ikinguruma. Aliifungua, akaangalia, akaniuliza chupa iko wapi. Nikasema maji yalikuwa ya zamani. Akauliza nimeyamwaga wapi. Nikamwonyesha, pale kwenye mstari wa kwanza wa michai. Alikwenda akasimama hapo huku mvua ikianza. Nilimwita mara mbili. Aliporudi, nguo zimeloa, alisema maneno haya tu: “Hayo alikunywa yeye. Sasa utaweka humo nyama ya mbwa, mzee.”

Tangu mazishi haniiti Baba Lavender. Huniita mzee, kama mtu wa ofisi ya chifu. Mimi bado namwita Mama Lavender, na kila mara nikimwita hukawia kidogo kabla ya kuitika.

Tuliimba wimbo wa kufungua Sabato, kila mtu akiimba kwa kitabu chake.

Jumapili, 9 Machi

Kilo kumi na saba.

Ijumaa, 14 Machi

Siku saba zimetimia, nimempa nyama kwa mara ya kwanza, ndani ya bakuli lake la jiwe. Lavender alilinunua kule Tabaka kwa mchongaji mmoja wa mawe. Lilikuwa la matunda, la kupelekwa ng'ambo, lakini lilikuwa na ufa ukingoni likakataliwa. Waziri alinusa shingo ya kuku, akaniangalia, akanusa tena. Mbwa wa nyumba ya Waadventista wasiokula nyama sana, hajawahi kuona nyama nyingi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Kisha alikula polepole, akitafuna mifupa hiyo mpaka ikaisha. Nilisimama hapo nikiisikiliza.

Jumapili, 16 Machi

Kumi na sita nukta nane. Bado anaharisha. Mvua kila alasiri.

Jumanne, 18 Machi

Onyiego wa bucha, pale Ogembo, aliniuliza kama siku hizi familia yangu inakula shingo tu. Nikasema ni za mbwa. Akashusha kisu. Watu wawili waliokuwa wakisubiri nyuma yangu wakaacha mazungumzo yao.

Jumamosi, 22 Machi

Baada ya ibada mzee Ondieki wa kanisa aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli mbwa wangu anakula nyama mara tatu kwa siku. Nikamjibu kwamba ni mara mbili. Wengine walicheka, yeye hakucheka, na najua anachofikiri, kwa sababu hata mimi mwaka juzi ningefikiri hivyo. Kuna nyumba hapa zinazoonja nyama Desemba hadi Desemba. Mbwa huyu alitembea na mtoto wangu kila asubuhi kutoka Nyanchwa mlimani hadi barabarani, na ndiye pekee aliyekuwa naye wiki ile ya mwisho. Siwezi kusimama kanisani nikasema hivyo.

Mke wangu alitangulia nyumbani bila kunisubiri.

Jumapili, 23 Machi

Kumi na sita nukta nane tena. Haikushuka. Nilipima mara mbili.

Jumapili, 30 Machi

Kumi na saba na nusu. Mavi yake ni magumu. Nilimpigia Oketch simu nikiwa sokoni nikapaza sauti kumwambia hivyo, mama mmoja wa ndizi akanigeukia. Oketch alicheka kwanza, halafu akasema tusifurahi mapema.

Alhamisi, 3 Aprili

Chai inachanua majani kwa hii mvua. Tumechuma mpaka saa tisa. Hakuna jingine.

Jumapili, 6 Aprili

Kumi na nane na robo. Kuna manyoya madogo kwenye masikio, laini.

Ijumaa, 11 Aprili

Malaria ilinilaza tangu Jumanne. Leo ndiyo naweza kushika kalamu.

Sikuwa na wa kumlisha Waziri ila mke wangu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni pa chumba akaniuliza anafanyaje. Nikamwambia atoe pakiti moja kwenye friji usiku uliotangulia, ampe asubuhi na jioni. Akauliza, mbichi vile vile? Nikasema vile vile. Kwa nini? Nilikuwa natetemeka chini ya blanketi mbili, nikasema ndivyo daktari alivyosema.

Nikiwa kitandani nilimsikia akivaa mfuko wa plastiki mkononi. Nikasikia nyama ikianguka kwenye jiwe. Jumatano nikamsikia akimwambia, kwa Ekegusii, lugha yetu, asile haraka. Alhamisi sikusikia sauti ya plastiki.

Leo ameniletea uji, akasema bila kuniangalia, “Anaacha maini mpaka mwisho. Lavender naye alikuwa akiacha kitu kitamu mpaka mwisho.” Ni mara ya kwanza kwake kutaja jina hilo ndani ya nyumba tangu Agosti. Nilikunywa uji wote.

Jumapili, 13 Aprili

Kumi na tisa. Nilikuwa dhaifu, mke wangu ndiye aliyeshika gunia.

Alhamisi, 17 Aprili

Yeye ndiye anayemlisha sasa. Ameipanga friji upya, nyama juu kwenye barafu, na chini ameweka maziwa yetu. Kitambaa amekifua na kukirudisha juu yake.

Jumanne, 22 Aprili

Asubuhi alikuja Nyangate, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, na fimbo. Mwanambuzi wake hajaonekana tangu jana. Alisema kijiji kizima kinajua mbwa akizoeshwa damu haachi, na kwamba Waziri auawe au afungwe mnyororo. Nilianza kumweleza kuhusu tumbo. Mke wangu alitoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama kati yetu, akamwambia kwamba mbwa huyu hajatoka kwenye boma hili tangu mwenyewe azikwe, na kama Nyangate anataka kumchapa mtu kwa fimbo ile aanze na yeye. Sijamsikia akisema kwa ukali namna hiyo tangu tulipooana. Waziri alikuwa nyuma ya sketi yake, amekaa kifua mbele. Ndiyo sababu alipewa jina lile, anakaa kama mtu anayengoja kusalimiwa.

Saa nane mwanambuzi alipatikana amenasa kwenye mtaro wa michai, mzima. Nyangate alimtuma mkewe na kichane cha ndizi.

Jumapili, 27 Aprili

Ishirini na nusu.

Jumamosi, 3 Mei

Baada ya ibada tuliketi nje, sisi wawili, na Waziri akalaza kichwa kwenye kiatu cha mke wangu. Akaanza kunieleza jinsi Lavender alivyompata, eti alikuwa mtoto wa mbwa aliyetupwa nyuma ya shule ndani ya boksi. Nilikuwa naijua hadithi hiyo. Nilimwacha aimalize yote. Nimeona kwamba miezi hii yote nilimdhania ana moyo mgumu, kumbe alikuwa akimwogopa mbwa huyu kama mtu anavyoogopa kufungua barua.

Jumapili, 4 Mei

Ishirini na moja kamili. Mgongo umefunikwa wote.

Jumatano, 7 Mei

Mvua ya mawe. Michai ya mstari wa juu imechanika kama mboga iliyokatwa. Mti umeangukia nyaya kule chini na stima imepotea kijiji kizima.

Alhamisi, 8 Mei

Stima bado. Friji haijafunguliwa.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi nyama ilikuwa imeyeyuka. Nilikwenda Ogembo kumwomba Onyiego anihifadhie, ana jenereta. Alikubali. Nilikuwa nirudi mara moja kuichukua, lakini mvua ilinikamata pale, barabara ikajaa udongo ulioporomoka, bodaboda zote zikagoma. Nilifika nyumbani saa kumi na mbili na robo.

Ni siku ya maandalizi. Kila mtu wa kanisa letu anajua jinsi Ijumaa inavyokwenda: chakula cha Sabato kipikwe chote, maji yatekwe, viatu vipakwe rangi, na jua likizama hakuna tena moto wa kupika. Mke wangu alikuwa amemaliza. Nyumba ilinukia. Aliniambia nikiwa bado navua viatu, na uso wake ulikuwa ule wa zamani kabisa, wa kabla ya mazishi. Aliona nyama imeanza kuharibika, mimi sirudi, na kesho hatawasha jiko. Angemwacha alale njaa siku ya Sabato? Kwa hiyo alichemsha zile shingo zote kwa chumvi kidogo, taratibu, mpaka zikaiva vizuri, akampa na mchuzi wake.

“Alikula akamaliza,” alisema. “Hata bakuli amelilamba.”

Nilikwenda nikamwangalia Waziri. Alikuwa amelala kando ya majivu, tumbo limejaa, akanipigia mkia. Simu yangu ilikuwa imezima tangu jana kwa kukosa stima. Nilifikiri nirudi Ogembo kwa miguu kumtafuta Oketch, jua lilikuwa linazama, na mke wangu ananiita kwa wimbo. Nikajiambia mbwa wote wa huku hula mifupa iliyopikwa na hawafi. Nikaingia nikaimba.

Jumamosi, 10 Mei

Ametapika tangu alfajiri. Sikwenda kanisani. Mke wangu naye hakwenda, na hilo halijatokea tangu tulipobatizwa. Nilimtafuta mtu wa bodaboda anikopeshe simu, nikampata Oketch. Alikuwa Nyamira kwa ng'ombe anayezaa kwa shida, akasema atakuja alfajiri. Nilimwambia kuhusu mifupa. Aliniuliza mara mbili kama kweli ilikuwa imepikwa.

Mke wangu ameketi sakafuni na kichwa cha mbwa mapajani. Ananiambia labda ni baridi.

Jumapili, 11 Mei

Oketch alifika saa moja kasoro. Alimshika tumbo, ambalo lilikuwa gumu kama ubao, na Waziri, asiyewahi kumlilia daktari, akalia. Kisha Oketch akaniomba nimsindikize kwenye pikipiki kuchukua mkoba. Huko nje ndiko alikonieleza. Mfupa umetoboa utumbo na uchafu umeshamwagika ndani. Mbwa mwenye tumbo zima angeweza kuponea kwa kupasuliwa mapema. Huyu hawezi, na kumngoja afe mwenyewe ni kumtesa.

Tulifanya hivyo hapo hapo jikoni. Mke wangu hakukubali kutoka. Alimwimbia wimbo aliokuwa akimwimbia Lavender mgongoni, na sindano ilipoingia hakukatiza wimbo. Nililia mbele ya Oketch kama mtoto na sikuona aibu.

Tulimzika kwenye migomba, si kando ya kaburi, watu wangesema, lakini si mbali. Oketch alinisaidia kuchimba. Udongo ulikuwa mwepesi kwa sababu ya mvua.

Alipoondoka, mke wangu aliniuliza daktari alisema nini kule nje. Miaka ishirini na sita wakulima waliniletea magunia, wengine wakanililia, wengine wakanitisha, na sikuwahi kuongeza wala kupunguza hata robo kilo. Nikasema ni ule ule ugonjwa wake wa zamani, ulikuwa umejificha tu.

“Basi sikumfanya kitu,” alisema.

“Hukumfanya kitu.”

Hilo la pili ni kweli. Mimi ndiye niliyejua sababu tangu tarehe sita Machi. Nilingoja aniulize, akaniuliza nikiwa kitandani, nikamjibu kama chifu. Maneno machache ningemwambia, machache tu.

Jumanne, 13 Mei

Stima imerudi. Friji inanguruma, haina kitu ndani ila maziwa.

Jumatano, 14 Mei

Mvua.

Ijumaa, 16 Mei

Maandalizi yalikwisha mapema leo, saa tisa. Aliosha bakuli la jiwe, akalikausha kwa kitambaa, akaliweka juu ya friji na ndizi mbivu ndani yake. Sasa limekuwa la matunda, kama lilivyochongwa. Halafu akaja akaketi karibu nami.

“Baba Lavender,” aliniita.

Nilikawia kuitika. Nilikuwa nimesahau jinsi linavyosikika.

Akaniomba nimsomee nilichoandika juu ya Waziri, chote, tangu mwanzo, kwa kuwa macho yake hayapendi mwandiko wangu. Nikaleta daftari. Nilianza na maandalio ya Lavender, kwa kalamu nyekundu, wanyama na sauti zao, na alicheka kidogo pale pa bata. Nikasoma kilo, zikishuka na zikipanda. Nikasoma na chupa ya maji, sikuificha, akanishika mkono hapo. Alinirudisha mara mbili kwenye siku ya Nyangate. Kwenye ukurasa wa tarehe sita Machi niliruka pale pa mifupa. Tarehe tisa Mei nilisoma mpaka pale bakuli lilipolambwa, nikafunga daftari, nikamwambia baada ya hapo sikuandika tena, sikuweza.

Alikaa akiangalia migomba. Jua lilikuwa bado juu kidogo.

“Nashukuru kitu kimoja tu, Baba Lavender,” alisema. “Chakula chake cha mwisho kilikuwa cha moto, na nilikipika mimi.”

Nikamwambia ndiyo, alikula akamaliza. Akauliza kama hiyo ndiyo yote iliyoandikwa. Nikasema ndiyo yote, Mama Lavender, naye akaitika mara moja, akainuka kwenda kutafuta kitabu cha nyimbo.